Mume wa Kisima

Vijana, kaeni chini kwanza ndipo msome. Haya hayasomwi mtu kasimama, jicho moja kwenye simu na jingine barabarani. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kalamu naishika kama mwiko, na mistari yangu inapanda na kushuka. Lakini nitakayowaambia niliyaona kwa macho haya, na sitayapunguza makali ili mlale vizuri.

Juzi nilishikwa na mafua. Mjukuu wangu Neema ana roho nzuri, ila hana tabia ya kuuliza. Akachemsha sufuria la majani, akaniketisha kwenye kigoda, akanifunika blanketi mpaka miguuni na kuniwekea mvuke usoni.

"Vuta, Bibi! Vuta kwa pua!"

Nikavuta. Sikumaliza pumzi ya kwanza, nikalitupa lile blanketi na kusimama mlangoni. Mtoto akadhani nimeungua.

"Ni mkaratusi tu, Bibi. Ni dawa."

"Najua ni nini," nikamwambia. "Harufu hii naijua tangu mama yako hajazaliwa. Toa nje."

Akatoa huku analia. Sikumbembeleza. Nilikaa kitandani, lakini sikuwa tena kwenye nyumba hii. Nilikuwa kule utotoni, katikati ya ile miti, nakimbia bila kitu kichwani.

Kwetu nilikozaliwa ni upande wa Igalula. Kwa miguu ya mtoto, kutoka stesheni ulitembea asubuhi nzima. Kijiji kilikaa juu, mbuga ya mpunga iko chini, na katikati palikuwa na kisima. Njia ya zamani ya misafara ilipita hapo hapo. Mawe ambayo wapagazi waliegemezea mizigo yao yalikuwa bado yapo, yamelainika kama mgongo wa ng'ombe, na sisi watoto tuliyateleza mpaka nguo zikatoboka makalioni. Bibi yangu, mama yake baba, alipenda kusema kwamba misafara mizima ilikunywa pale, watu na punda, na kulipokucha maji yako pale pale. Alilisema hilo kwa majivuno kana kwamba maji yale aliyazaa yeye.

Bibi ndiye aliyekuwa mwenye kisima. Hakuwa akiyauza maji. Kazi yake ilikuwa kukilinda. Ukija na sufuria lenye masizi, anakurudisha. Ukija na viatu, anakurudisha. Ukitukana pale, anakurudisha na kofi juu yake, hata kama una ndevu.

Na kisima chetu kilikuwa na mume. Msicheke. Ndivyo tulivyosema pale kwetu: mti unaokaa juu ya kisima na kukipa kivuli ndiye mume wake. Mume wa kisima chetu alikuwa mkuyu mnene, mizizi yake imeingia majini kama vidole vya mtu anayenawa. Hakuna aliyethubutu kumvunja hata kijiti. Maji yalikuwa baridi wakati wote, yana harufu ya udongo na majani, na ulipopiga magoti kuchota kwa kata uliuona uso wako, na nyuma ya uso wako ukamwona yeye. Kisima kisicho na mume ni mjane. Na kisima mjane, wazee waliamini, huondoka.

Masika moja upepo ukamwangusha. Ilikuwa mchana, mvua haijaanza, tukasikia ardhi inaguna. Tulipofika, mkuyu umelala kifudifudi na mizizi yake iko juu, inadondosha udongo mwekundu. Bibi alijifunga kitambaa kichwani na kukaa matanga kabisa. Wanawake walikuja kumpa pole, wengine wamebeba unga. Matanga yalipokwisha akaanza kukitafutia kisima mume mpya. Akachomeka tawi la mkuyu, mchwa wakalila. Akachomeka jingine, mbuzi wakalila. Akawa anakasirika ovyo, hata chakula akilalamikia chumvi ambayo alikuwa ameitia mwenyewe.

Wakati huo ndipo Shamba Kubwa lilipokuwa linakuja. Lilikuwa shamba la tumbaku, la wenye mitaji, majina yao hatukuyajua. Tumbaku hukaushwa kwa moto kwenye mabani, na mabani yale yalikula kuni kama ugonjwa. Walianza na pori letu, lile la uyoga na matunda ya furu na ntonga, ambako baba alitundika mizinga yake ya nyuki. Pori lilipokwisha kuchomwa, wakasema watapanda miti yao wenyewe, inayoota haraka. Wakaipanda porini, halafu kwenye mashamba tuliyokuwa tumeyapumzisha, kwa sababu waliona majani wakasema hakuna mwenyewe. Baba aliichukua mizinga yake akaisimamisha nyuma ya nyumba, mitupu, kama wageni waliokosa pa kulala. Lakini hakununa. Walimpa kazi ya kuchimba mashimo ya miche, na nyumbani tukala samaki. Mimi nilidhani Shamba Kubwa ni mjomba wetu tajiri.

Nyapara wa miche alikuwa mtu wa pwani, mtani wetu, mcheshi, kofia yake ameivaa upande. Siku hiyo alitukuta kisimani, wanawake tele, akasimama mbali kwa adabu, mche mmoja wa mkaratusi mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mtani. Ninyi watu wa pwani, babu zetu waliwabebea pembe kwa mabega mpaka mlangoni kwenu. Leo wewe umenibebea nini?"

"Nimekuletea mume, Bibi. Nasikia umefiwa."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaangusha mtungi. Bibi mwenyewe akaziba mdomo kwa kanga.

"Hebu nimwone. Mbona mwembamba hivi?"

"Mwembamba lakini mbio! Mpande leo, mvua chache tu atakuchungulia juu ya paa."

"Anafugwa vipi?"

"Hafugwi. Mbuzi hamgusi, mchwa hamtaki."

"Na anakunywa?"

Nyapara akacheka. "Mti gani usiokunywa, Bibi?"

Tukacheka wote. Nawaambia, tulicheka wote, na mimi nikiwemo, nimeshika upindo wa kanga ya mama. Hakudanganya yule mtu. Aliulizwa, akajibu, tukaona ni utani.

Bibi hakuridhika na mmoja. Akasema mmoja anaweza kufa, na yeye hana machozi mengine, apewe na ndugu zake. Wakaletwa, wakapandwa kukizunguka kisima kama washenga. Yeye mwenyewe ndiye aliyeonyesha mahali pa kila shimo. Kisha tukafanya harusi. Unga wa mtama ulikorogwa na maji ya kisima kile kile, kila mche ukapakwa shinani, wanawake wakapiga vigelegele. Mama yangu alikuwa Mmoraviani wa kweli, alisimama pembeni amekunja mikono, uso wa kanisani, lakini kiuno kilimsaliti. Mimi ndiye niliyebeba bakuli la unga.

"Bibi, sasa watazaa nini?" nikamuuliza.

"Watazaa maji, mwanangu. Wewe kaa uone."

Nikakaa nione. Mtoto ukimwambia neno, analishika kama lilivyo. Nilijua kabisa kwamba siku moja nitaamka nikute visima vidogo vimetapakaa bondeni, vichanga, vinalia. Kila asubuhi nilivitafuta. Baada ya mvua moja nikakiona kimoja: kidimbwi kidogo chini ya mche, chura ndani yake. Nikakifunika kwa majani ili jua lisikiumize. Mchana nikarudi, kumebaki tope na chura ameondoka. Nikalia kwa sauti mpaka mama akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Nikamwambia mtoto wa kisima amekufa. Aliniangalia, hakucheka.

"Vichanga hufa," akasema. "Nyamaza, twende nyumbani."

Miti ilikua kama alivyoahidi nyapara. Ilikwenda juu bila kugeuka nyuma. Ilijibambua magamba kama mtu aliyeungua jua, na majani yake yalining'inia wima, kivuli chake hakikutosha hata kuku. Chini yake nyasi hazikuota. Ndege walitua, wakaona mambo, wakaondoka. Na ile harufu. Mwanzoni tuliipenda, tulisugua majani viganjani na kunusishana. Baadaye ikawa kwenye nguo, kwenye ugali, kwenye nywele za mama.

"Mume gani huyu hana hata kivuli," Bibi akawa anasema, lakini kwa sauti ndogo, kwa sababu mume alimchagua mwenyewe.

Baba akarudishwa nyumbani. Miti ile ikishapanda juu haina palizi, haina mvuno wa kila mwaka, haimtaki mtu. Akaenda kuangalia mashamba yetu tuliyoyapumzisha, akakuta yana mistari ya mikaratusi iliyonyooka, na mlinzi mwenye koti. Akarudi, akakaa karibu na mizinga yake mitupu. Tukaacha kula samaki, tukala nsansa, mboga ya majani makavu, kisha nsansa bila karanga.

Na maji yakaanza kushuka. Kwanza kupiga magoti hakukutosha, tukalala kifudifudi. Halafu tukakanyaga ndani. Halafu tukafunga kamba kwenye kibuyu, na kamba ikaongezwa. Wanawake walikitazama kile kisima na kunong'onezana, wakitikisa vichwa. Sasa, kunong'ona kule mimi nilikujua. Ndivyo walivyomnong'ona mama yangu, ambaye asubuhi alikuwa akitapika nyuma ya nyumba na kutembea taratibu. Nikaunganisha. Nikaenda kumwambia Bibi sikioni, kwa furaha, kwamba kisima nacho kina mimba, ndiyo maana kimejikunyata.

Bibi alitabasamu. Sikumwona akitabasamu tena baada ya hapo.

Kiangazi kile kisima kilitoa tope, kisha hakikutoa kitu. Maji mengine yalikuwa ng'ambo, kwenye mbuga ya pili, upande wa pili wa Shamba Kubwa. Njia ya misafara ilikwenda huko moja kwa moja, lakini ilikuwa imepandwa miti juu yake. Baba alikwenda kumwona nyapara, mimi nikamfuata nyuma.

"Mtani, wake zetu wapite. Hatukati kitu, tunapita tu."

Nyapara siku hizo kofia alikuwa ameivaa sawasawa. "Siyo mimi, ndugu yangu. Nina wakubwa. Wakipita wanaokota kuni."

"Njia hii babu zangu walipita na mizigo."

"Babu zako walipita. Wewe zunguka."

Tukazunguka. Kuzunguka kule kulimeza siku nzima. Wanawake waliondoka jua halijatoka na kurudi jua limechoka, na mtungi mmoja haukutosha chakula na kunywa na kuoga, kwa hiyo kuoga kukaachwa. Mama tumbo lilikuwa limeshuka. Bibi alimkataza kwenda, na Bibi mwenyewe magoti yalikuwa yamekufa, hakuweza kwenda kwa niaba yake. Wakagombana. Mama akasema, "Basi mama, watoto wanywe nini? Wanywe maneno yako?" Bibi akanipa ngata, nimfuate.

Siku ile tulikwenda wawili, mama na mimi. Tulichota. Wakati wa kurudi, karibu na kona ya Shamba Kubwa, mama akasimama, akashika mti. Akatazama ule mzunguko uliobaki, akatazama miti.

"Tunapita katikati," akasema.

Tukaingia. Majani makavu yalivunjika chini ya miguu kama vigae. Hatukufika mbali. Aliutua mtungi polepole, hata tone halikumwagika, kisha akalala pale chini, kwenye majani yale yasiyooza, na harufu ikainuka ikatufunika wote wawili.

"Kimbia kamwite Bibi."

"Na maji?" nikauliza.

"Acha maji."

Katika nyumba yetu, tangu kisima kikauke, hakuna aliyewahi kusema acha maji. Ndipo nikajua kuna mtu anakufa. Nikakimbia bila kitu kichwani.

Tuliporudi, Bibi akiburuta miguu yake na baba amemshika mkono, mlinzi alikuwa pale. Alikuwa amevua koti lake akamfunika mama, amesimama ametupa mgongo, kofia mkononi. Sikumchukia yule mtu wala simchukii leo. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, wa kiume. Alilia kidogo, mama alisema, kama paka, kisha akanyamaza. Bibi akamchukua, akampuliza, akamgeuza, akampuliza tena. Halafu akaacha kumpuliza, akavuta mtungi karibu, akaanza kumwosha.

Yalikuwa ndiyo maji yote tuliyokuwa nayo. Mama midomo ilikuwa imepasuka. Alilala pale akiangalia maji yanavyopita juu ya mtoto na kuingia kwenye majani, na miti ikiyapokea. Hakuomba. Na Bibi hakumpa mpaka alipomaliza, kwa sababu mtoto haendi kaburini na uchafu. Yaliyobaki chini ya mtungi ndiyo aliyoyanywa.

Tulimzika jioni ile ile. Na mimi, nawaambieni ukweli wa kitoto, wakati watu wanatupia udongo nilikuwa nafikiri: mama na kisima walikuwa wajawazito pamoja. Wa mama amekufa. Basi wa kisima atakuwa amezaliwa. Kesho yake asubuhi nikashuka bondeni peke yangu kumtafuta. Nikachungulia. Tope chini lilikuwa limepasuka vipande vipande. Na ukutani, kila upande, nywele nyekundu zilikuwa zimetoka kwenye udongo, nyingi, zimening'inia mpaka chini. Nilidhani kisima kimefia ndani, nywele zake ndizo hizo. Nikapiga kelele.

Bibi alikuja. Akalala kifudifudi, akanyoosha mkono, akazikamata. Akazivuta. Zilikuwa mbichi. Akainua uso, akafuata kwa macho kutoka kwenye kiganja chake mpaka kwenye shina, kutoka kwenye shina mpaka juu kileleni ambako majani yalikuwa yanang'aa, yamenona, katikati ya kiangazi.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Akapanda nyumbani, akashuka na shoka. Bibi mwenye magoti yaliyokufa. Alikata akiwa amekaa, mti mmoja baada ya mwingine, huku anaongea nao kama mke aliyefumania. "Nilikupaka unga. Nilikupigia vigelegele. Toka kwangu! Toka!" Baba akachukua shoka jingine akamsaidia. Nyapara alifika wakati wa mwisho.

"Bibi, hii ni mali ya shamba."

"Ulinipa mwenyewe."

"Nilikupa uoteshe. Sikukupa ukate."

"Basi mchukue mtu wenu. Na mwambie arudishe alichokunywa."

Walimchukulia mbuzi wake. Hakuwatazama hata wakitolewa zizini. Aliendelea kukaa pale kwenye ukingo, akingoja maji yarudi. Badala yake, mvua za kwanza zilipogusa vile visiki, kila kisiki kilichipua fimbo nyingi, changa, zenye majani ya buluu, nzuri kutazama. Bibi akawa anashuka kila siku kuzivunja kwa mkono. Kila siku zikarudi. Sasa alikuwa na waume wengi kuliko aliowaozesha.

Kijiji kiliondoka nyumba moja baada ya nyingine, mlango kwa mlango, wengine Ulyankulu, wengine mjini kubeba magunia. Sisi tulikuja huku upande wa Kwihara kwa mjomba, tukafuata ile ile njia ya misafara, mizigo kichwani, na hakuna aliyetulipa upagazi. Bibi alikuja nasi. Tangu siku ile ya kumwosha mtoto, ukimpa kikombe cha maji hakukimaliza. Alikunywa nusu, akakirudisha. Alikufa hivyo, kikombe kiko nusu pembeni ya kitanda.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kichwani juzi, mvuke wa Neema bado uko puani. Nikamwita. "Majani haya umeyatoa wapi? Kwangu hapa hakuna mti huu." Akasitasita, akatazama nyuma ya nyumba. Nikaenda nikaona. Miche ya mikaratusi, kwenye viriba vyeusi, imepangwa kwa mistari chini ya paa la banda, imemwagiliwa asubuhi ile. Na maji ya kuimwagilia yanatoka wapi, kama siyo kwenye kisima changu? Kile ambacho mwaka huu tumekiongezea kamba, kwa sababu jirani zangu wa bondeni walishapanda mikaratusi yao.

Mwanangu Elia alirudi na pikipiki yake. Nikamsubiri azime.

"Mama, shikamoo. Unaendeleaje na mafua?"

"Marahaba. Hii unaipanda wapi?"

"Bondeni, Mama, pale karibu na kisima kwenye unyevu. Inataka unyevu mwanzoni. Mama, mahindi hayatoi tena, unaona mwenyewe. Nguzo zinanunuliwa. Watu wa tumbaku wanataka kuni. Nitasomesha kwa nini, kwa uzuri wangu?"

"Umeuliza inakunywa kiasi gani?"

Akacheka kidogo. Siyo kwa dharau, ni mtoto wangu. "Mama, mti gani haunywi?"

Niliingia ndani nikakaa. Najua hana jingine la kufanya. Najua wanaonunua wapo na wanaonunua mahindi hawapo. Na najua nikifa, watashuka na ile miche kabla udongo wangu haujakauka. Sina hati wala bunduki. Nina sauti tu, na nyumba hii ambayo bado inakula kwa ruhusa yangu. Nikatoka nje, nikawaita wote, na mkwe wangu, na watoto, nikasema:

"Neema, funika kisima kwa ubao, weka na jiwe juu. Kuanzia sasa hakichotwi. Elia, pikipiki iache hapo hapo ilipo. Chukua ndoo, weka ngata kichwani, nenda kwa miguu ukateke ng'ambo ya mbuga maji ya nyumba hii yote, leo, na kesho, na mpaka mvua zije. Na hiyo miche yako uimwagilie kutoka kwenye ndoo hiyo hiyo."